Zimamoto wa kujitolea: walipwe, au waachwe kama walivyo?

Mpenda Historia: Wakuu, naleta hoja. Miji midogo mingi ya Marekani bado inalindwa na zimamoto wa kujitolea. King'ora kikilia, mwashi anatupa mwiko, muuza duka anafunga mlango, wote mbio kwenye gari. Mizizi yake ni ya zamani: Benjamin Franklin na wenzake walianzisha Union Fire Company pale Philadelphia mwaka 1736. Leo vijana wa kujiunga ni haba, na mafunzo yanayodaiwa ni mengi. Je, mji mdogo uanze kuwalipa? Mimi nasema walipwe. Mtu haachi kazi yake saa nane mchana kila wiki kwa shukrani tu.

Chuma cha Pua: Kwanza tuache kuwapamba. Hao wa zamani walikuwa genge. Nyumba isiyo na kibati cha bima ukutani waliiacha iteketee huku wakitazama.

Fundi Bomba: Chuma, hapo umenigusa pabaya. Vibati vya Philadelphia, kama kile cha mikono minne iliyoshikana cha kampuni ya bima ya mwaka 1752, vilionyesha tu kwamba nyumba ina bima. Kikosi cha kujitolea hakikuwa mali ya bima. Unachanganya na London, ambako kampuni za bima zilikuwa na vikosi vyao zenyewe. Halafu fikiri mwenyewe: nyumba zimepangana ukuta kwa ukuta, nani ataiacha ya katikati iungue?

Mimi nashika pampu kwa mikono yangu, najua ninachosema. Zile za zamani zilikuwa na mti mrefu kila upande. Watu wanapanga mstari huku na huku, hawa wanakandamiza, wale wanainua. Dakika chache tu mikono inakufa ganzi, wanaingia wengine. Mipira ya maji ilikuwa ya ngozi, na kila baada ya moto ilibidi kuipaka mafuta isije ikapasuka. Moto umekwisha, watu wamechoka, na bado kuna mpira wa kupaka mafuta. Hao ndio unawaita genge?

Chuma cha Pua: Umejibu la kibati, la genge umeliruka. New York vikosi vilikuwa vinashindana nani afike kwanza. Mtu anatangulizwa mbio na pipa, analifunika bomba la maji la barabarani ili kikosi kingine kisilione, na wakikutana hapo ni ngumi. Nyumba inaungua!

Mama wa Watatu: Mnapigania vibati na mapipa, wanawake hamjawataja hata mmoja. Molly Williams, mwanamke mweusi wa New York. Inasimuliwa kwamba mwaka 1818, theluji imejaa njiani na wanaume wako kitandani kwa maradhi, yeye alishika kamba akaivuta pampu ya kikosi cha Oceanus namba 11. Huyo ndiye mfano wa kujitolea ninaoutaka mimi.

Ukoko: Samahani Mama, lakini Molly alikuwa mtumwa wa mfanyabiashara aliyekuwa mwanachama wa kikosi hicho. Mtumwa anajitolea vipi? Kujitolea ni hiari, na hiari yake ilikuwa mikononi mwa bwana wake.

Mama wa Watatu: Kwa hiyo tumfute?

Ukoko: Usinilishe maneno. Nasema tumtaje kwa ukweli wote. Wanaume wale waliandikwa kwenye daftari la wanachama. Yeye alivuta kamba ileile, na hata jasho lake halikuwa lake. Ukimwita wa kujitolea unawapunguzia deni waliommiliki.

Mama wa Watatu: Na wewe ukimwita mtumwa tu, unamnyang'anya ujasiri aliokuwa nao. Kwenye theluji ile bwana wake hakuivuta pampu. Mimi nimewahi kupokezana ndoo usiku jirani akiungua, na mtoto mgongoni. Hakuna aliyeniuliza kama nimetumwa au nimejitolea. Niliona moto nikaenda. Msiniambie mtu aliyebanwa hawezi kutoa kitu kwa moyo wake.

Ukoko: Pole kwa usiku ule, Mama. Lakini wewe asubuhi ungeweza kukataa.

Mpenda Historia: Jamani, swali lilikuwa malipo.

Chuma cha Pua: Na jibu lipo. Cincinnati walichoka na ngumi, mwaka 1853 wakaleta pampu za mvuke na watu wa mshahara. New York wakafuata mwaka 1865. Mshahara ndio ulioleta nidhamu.

Fundi Bomba: Hiyo ni miji mikubwa! Mvuke ulipunguza mikono, ndiyo maana mishahara iliwezekana. Kikosi kilichohitaji makumi ya wanaume kwenye pampu moja kingelipwa na nani? Mji wa watu elfu mbili ukipata moto mmoja kwa mwezi, utamlipa mtu akae akingoja nini? Chile wanajitolea tangu kikosi cha mji wa Valparaíso mwaka 1851, na hadi leo wanazima moto wa nchi nzima. Nidhamu wanayo bila mshahara. La malipo nitalijibu kwa kirefu, lakini Chuma, kwanza ondoa lile neno genge.

Chuma cha Pua: Siondoi. Jibu la pipa.

Mama wa Watatu: Na mimi nangoja jibu la Molly.