Mjadala: Marekani ikisema "acha", Israel huacha?

Mleta mada, Sakina:
Wadau, salaam. Naweka msimamo wangu mapema ili msinitafute. Marekani ina uwezo wa kuisimamisha Israel inapopiga nje ya mipaka yake, na imeshaifanyia hivyo. Ikikaa kimya, huo nao ni uamuzi.

Oktoba 1956 Israel iliingia Sinai kwa mpango wa siri na Uingereza na Ufaransa, waliokuwa na hasira na Nasser wa Misri kwa kutaifisha Mfereji wa Suez. Eisenhower hakuambiwa kitu. Pauni ya Uingereza ikayumba, naye akakataa kuiokoa na akazuia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka vita isimame. Novemba 6 London ikasalimu amri, Januari Waziri Mkuu wao Eden akajiuzulu. Israel ikang'ang'ania Sinai na Gaza, ikatishiwa vikwazo, Machi 1957 ikatoka.

Agosti 1982 Reagan alimpigia Waziri Mkuu wa Israel, Begin, simu kwa hasira juu ya mabomu ya Beirut, na mashambulizi ya siku ile yakakatishwa. Mwaka 1991 Saddam aliirushia Israel makombora ya Scud, Bush mkubwa akamwomba Waziri Mkuu Shamir asijibu. Akameza. Juni 24, 2025 ndege za Israel zilikuwa zinaelekea Iran ilhali usitishaji vita umeshatangazwa. Trump akaandika hadharani marubani warudi nyumbani. Wakapiga rada moja, wakageuza.

Nani ataniambia hawana ubavu?

Gaidi wa Kijenge:
Mkuu, historia nzuri ila umeruka Rafah, ule mji wa Gaza. Mei 2024 Biden alizuia shehena ya mabomu makubwa, yale ya karibu kilo 900 kila moja, kwa sababu hakutaka Rafah ivamiwe. Ikavamiwa. Septemba 2025 Israel wakapiga Doha kabisa, mji mkuu wa Qatar, nchi yenye kambi kubwa ya jeshi la Marekani pale Al Udeid. Kama mshirika anapiga jirani na kambi yako, ubavu uko wapi?

Na siongei kishabiki. Juni 23 mwaka huo Qatar ilifunga anga yake kwa hofu ya makombora ya Iran, safari za kuja uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kupitia Doha zikavurugika, na msimu wa watalii ndiyo ulikuwa unaanza. Sisi tunaoongoza watalii porini tunalijua hilo vizuri.

Mleta mada, Sakina:
Umenipa silaha, Gaidi. Rafah ilizuiwa shehena moja, nyingine zikaendelea kupakiwa. Hapo alitaka aonekane amekataza. Doha ndiyo inanisaidia zaidi: Septemba 29 Netanyahu akiwa Ikulu ya Marekani alimpigia simu waziri mkuu wa Qatar akaomba radhi. Gaza ilikuwa inapigwa karibu miaka miwili na hakuna simu ya radhi iliyopigwa. Safari hii aliguswa rafiki wa mkubwa, basi.

Mama wa Kiboriloni, Moshi:
Aisee, mnaongea kana kwamba rais wa Marekani anatoa hela mfukoni. Mkataba wa 2016 wa msaada wa kijeshi kwa Israel ni dola bilioni 38 kwa miaka 10, kuanzia 2019. Fedha zinapitishwa na Kongresi, na sehemu kubwa inarudi kwenye viwanda vyao wenyewe kununua silaha. Ni kama mwenye bodaboda na dereva wake: hesabu ikiingia jioni, nani anauliza abiria alipakiwa wapi? Rais akitaka kunyang'anya funguo, wa kwanza kumrukia ni wabunge wake na wapiga kura wake.

Wa Pasua, Moshi:
Mimi nawapinga wote. Mnaifanya Israel kama haina kichwa chake. Oktoba 7, 2023 Hamas walipoingia Israel waliuawa watu wapatao 1,200 kwa siku moja, na kati ya waliopotea siku ile walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Nao hawakurudi hai. Serikali gani duniani ingesubiri ruhusa baada ya hapo?

Mleta mada, Sakina:
Kuanza vita sikubishi, ndugu yangu. Nauliza ya mwezi wa 10, wa 15, wa 20. Huko ndiko risasi za akiba zinakwisha na meli ya mtu mwingine inasubiriwa.

Mzee wa Njiro:
Marahaba wanangu, kabla hamjanisalimu. Mnatazama mbali sana. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka tukae mezani. Mwalimu akakataa, na Gaddafi alipomletea Amin askari hatukurudi nyuma. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Hakuna aliyeweza kutupigia simu akasema "acha", maana mzigo mkubwa tuliubeba wenyewe. Ila tulilipa: tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, tukaifunga hadi matundu yakaisha. Unga wa foleni mliuona ninyi?

Halafu kuna Kongo. Novemba 2012 waasi wa M23 waliteka Goma. Rwanda ilikanusha kuwasaidia, na bado inakanusha, lakini wafadhili wakasimamisha misaada, Obama akampigia Kagame, na mwaka uliofuata brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye vijana wetu, wa Afrika Kusini na wa Malawi ikasaidia jeshi la Kongo kuwaondoa. Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Safari hii Marekani ilimwekea vikwazo Kabarebe, waziri wa Rwanda, kisha Juni Kongo na Rwanda zikaitwa Washington kusaini, madini yakiwa sehemu ya mazungumzo. Na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, yenye makao hapa hapa Arusha? Ilipeleka jeshi, Kongo ikalitimua Desemba 2023.

Gaidi wa Kijenge:
Shikamoo mzee. Basi umekubaliana na mimi: 2012 breki ilishika kwa sababu Rwanda ilitegemea misaada ile kwenye bajeti. Israel ni tajiri, inaunda vifaru vyake.

Mleta mada, Sakina:
Vifaru ndiyo. F-35 na F-15 inaunda nani?

Na Mama wa Kiboriloni, hoja ya wapiga kura naipokea nusu. Eisenhower aliibana Suez akiwa katikati ya kampeni yake mwenyewe. Hiyo Novemba 6 London iliposalimu amri ndiyo siku aliyopigiwa kura. Akashinda majimbo 41 kati ya 48.

Mama wa Kiboriloni, Moshi:
Mangi, huyo alikuwa jenerali aliyeshinda vita ya dunia, nani angemwita mwoga? Nitajie mwingine wa baada yake aliyethubutu hivyo wiki ya kura. Nasubiri.