Wagonjwa wa majaribio ya dawa na wagonjwa tulio nao wodini

Tabibu wa wilaya: Ndugu zangu, wagonjwa wangu wa moyo kushindwa kufanya kazi ni wazee, wengi wana kisukari na figo zao zimeanza kuchoka. Ninatakiwa kuwapa spironolaktoni, dawa ya kutoa maji mwilini ambayo hubakiza potasiamu kwenye damu, na ambayo manufaa yake yalionekana katika jaribio la RALES la mwaka 1999, lakini jaribio hilo halikuwaandikisha wenye kreatinini (taka ya damu inayopanda figo zinapochoka) iliyozidi miligramu 2.5 kwa desilita. Je, matokeo yale yanawahusu hawa wangu?

Mfamasia: Yanawahusu kwa sehemu tu, Daktari. Kule Ontario, Kanada, baada ya RALES kuchapishwa dawa hii iliandikwa kwa wingi, ikawafikia wazee kuliko washiriki wa jaribio. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa wa moyo waliokuwa kwenye dawa za jamii ya enalapril (za kushusha shinikizo la damu na kuupunguzia moyo mzigo, nazo pia huweza kupandisha potasiamu), waliolazwa kwa potasiamu kupanda, hali inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo, waliongezeka kutoka 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11 mwaka 2001.

Daktari wa watoto: Naomba niongeze la watoto, maana linaniuma. Kwa miaka mingi watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walimiminiwa maji ya dripu kwa kasi, kama ilivyozoeleka katika hospitali zenye vyumba vya uangalizi mahututi. Jaribio la FEAST lilipofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141, zaidi ya nusu wakiwa na malaria, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 10.6 ya waliomiminiwa albumini (maji yenye protini ya damu), 10.5 ya waliomiminiwa maji ya chumvi, na 7.3 tu ya wale ambao hawakumiminiwa. Hata hivyo FEAST nayo iliwaacha nje wenye utapiamlo mkali na wenye kuharisha, kwa hiyo mtu asimnyime maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha akidai kwamba jaribio limekataza.

Tabibu wa wilaya: Nashukuru. Kwetu kreatinini hupimwa, ila vitendanishi (kemikali za kupimia) vya potasiamu huisha mara kwa mara. Nifanyeje?

Mfamasia: Mwenye figo zilizochoka usimwanzishie pasipo kipimo hicho. Washiriki wa RALES walipimwa damu kila baada ya wiki 4 katika wiki 12 za mwanzo, na usalama ulioripotiwa ulipatikana chini ya ufuatiliaji huo. Mpe rufaa akapimwe kwanza.