Kliniki ya ngozi kwa mtoto mwenye ualbino: Moshi, kliniki ya mkoba au daktari binafsi?

MzaziKahama aliandika:

Ndugu zangu, habari za leo. Binti yangu ana ualbino na mwakani ataanza darasa la kwanza, maana yake atakuwa uwanjani saa za jua kali bila mimi kuwapo. Hadi sasa tumekuwa tukienda zahanati kila ngozi yake inapoungua, lakini muuguzi wetu amenieleza kwamba mtoto anahitaji mtu aliyesomea ngozi, atakayemkagua kwa ratiba hata asipokuwa na kidonda.

Nimetajiwa njia tatu: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, kliniki ya mkoba inayofika wilayani, na daktari binafsi wa ngozi jijini Mwanza. Naomba wagonjwa wenyewe, au wazazi, wanieleze walivyohudumiwa katika kila moja, kwa sababu maelezo ya mabango ninayo tayari na hayajanisaidia kuamua.

Kiboroloni alijibu:

Dada, mimi nina ualbino na nimekuwa nikitibiwa katika kituo hicho cha Moshi tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari, hivyo nitakueleza ninachokijua kwa ngozi yangu mwenyewe.

Foleni ni ndefu, na anayechelewa asubuhi hujikuta akisubiri hadi mchana. Wagonjwa wanatoka mikoa mingi, na kwa kuwa kituo kilianzishwa mwaka 1992 mahsusi kwa ajili ya kufundisha, utakuta chumbani kwa daktari wapo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika wakiangalia na kuuliza maswali. Kuna wagonjwa wanaoona haya kuvua nguo mbele ya watu wengi, na una haki ya kuomba wapungue, hasa binti yako akishakua. Hata hivyo, ni kwa sababu ya ufundishaji huo ndipo ukaguzi huwa wa kina: mwalimu anamwonyesha mwanafunzi kila mahali, kuanzia utosini, nyuma ya masikio, midomo, shingo, mabega, hadi migongo ya mikono, na kila kinachoonekana kinaandikwa kwenye faili. Kwa watu kama sisi hilo ndilo tiba yenyewe, kwa maana saratani ya ngozi kwa mtu mwenye ualbino haitokei ghafla. Mara nyingi hutanguliwa na magamba madogo makavu ambayo ukiyapitisha kidole yanakwaruza kama msasa, na yakigandishwa kwa naitrojeni ya baridi kali wakati huo, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo bila kulazwa.

Jambo jingine ni mafuta ya kuzuia jua. Kilisun hutengenezwa hapohapo Moshi, imetengenezwa kwa ajili ya ngozi yetu na hali ya hewa yetu, na unapopewa unaelekezwa namna ya kupaka. Losheni za maduka ya dawa zinafanya kazi pia endapo zina kinga ya SPF 30 au zaidi na hazijapita muda, ila bei yake haimruhusu mzazi wa kawaida kupaka kiasi kinachotosha, na anayepaka kidogo kidogo ili chupa ifike mwisho wa mwezi hapati kinga iliyoandikwa kwenye lebo.

Tatizo la Moshi kwako ni umbali. Kutoka Kahama ni safari ndefu ya basi, nauli ya watu wawili, na malazi. Kliniki unayoimudu mara moja tu na kisha ukashindwa kurudi haitamlinda mtoto.

BabaMapacha_Sengerema alijibu:

Mapacha wangu wote wawili wana ualbino, na sisi tunategemea kliniki ya mkoba. Naipenda kwa sababu moja kubwa ambayo sikuitarajia: wanangu walikutana na watu wazima wenye ualbino walio walimu, mafundi na wazazi, wakazungumza nao wakiwa kwenye foleni, na tangu siku hiyo kofia hawavai kwa kulazimishwa.

Huduma inatolewa kwa siku moja na watu ni wengi, hivyo muda wa kila mgonjwa na mtaalamu ni mfupi. Hata hivyo wanakagua mwili mzima, wanatoa mafuta na kofia pana, na wakija na mtungi wa naitrojeni wanagandisha magamba hapohapo. Wanaohitaji kukatwa uvimbe huandikiwa rufaa. Kasoro yake ni kwamba tarehe hubadilika, na taarifa ya mabadiliko isipokufikia utafika ukute uwanja ni mtupu. Jiandikishe kwa viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino wa wilaya yako, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaopata taarifa mapema.

MwlRehema alijibu:

Nitazungumzia upande wa binafsi, kwa niaba ya mdogo wangu wa kiume. Katika kliniki moja ya jijini tulipokelewa vizuri mno: miadi ilizingatiwa, tulikaa chumba chenye ubaridi, na daktari alitusikiliza bila haraka. Tatizo ni kwamba mdogo wangu alikuwa na kidonda karibu na sikio ambacho kilikuwa kikikauka na kufunguka tena kwa miezi, na kila tuliporudi alibadilishiwa krimu tu, bila mtu yeyote kuchukua kinyama kwa ajili ya kipimo. Hatimaye tulihamia hospitali ya rufaa, kinyama kikachukuliwa, na majibu yakaonyesha kwamba ni saratani. Amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri, lakini kovu ni kubwa kuliko ambavyo lingekuwa.

Sisemi madaktari binafsi wote wako hivyo. Rafiki yangu anatibiwa na daktari binafsi ambaye humkagua mwili mzima kila ziara, na anapoona kitu cha kutilia shaka humwandikia rufaa bila kusita. Ninachosisitiza, dada, ni kwamba uzuri wa mapokezi usikufanye usahau kuuliza maswali. Kidonda kisichopona kwa mwezi kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino kinahitaji kipimo, na mzazi ana haki ya kukidai.

TabibuWaNgozi alijibu:

Ninaongeza njia ya nne ambayo haijatajwa. Kituo cha Moshi kimefundisha kwa miaka mingi matabibu wa magonjwa ya ngozi, nami ni mmoja wao, na wengi wetu tumerudi kufanya kazi katika hospitali za mikoa na baadhi ya wilaya. Kabla ya kupanga safari yoyote, mama, nenda hospitali ya mkoa ukaulize kama wana kliniki ya ngozi na inafanyika siku gani. Mahali pa kurudi kila baada ya miezi michache, kwa mtu yuleyule anayeijua ngozi ya mtoto, panafaa kuliko jengo kubwa la mbali. Kliniki ya mkoba iwe nyongeza, na rufaa ya Moshi au ya hospitali ya Bugando jijini Mwanza ibaki kwa jambo linalohitaji upasuaji, kipimo au tiba ya mionzi.

Ukiwa na bima, omba barua ya rufaa kabla ya kuondoka, kwa sababu wagonjwa wengi hufika hospitali ya juu bila barua na kujikuta wanalipia fedha taslimu.

NyarKisumu alijibu:

Salamu kutoka Kenya. Huku Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa serikali wa kugawa losheni ya jua bila malipo kupitia hospitali, na anayehitaji lazima awe amesajiliwa. Huwa kuna miezi ambayo losheni inachelewa, kwa hiyo sisi wazazi tumejifunza kutoacha mikono mirefu na kofia hata chupa ikiwa imejaa. Mpeleke mtoto kliniki ya macho pia, kwa sababu watoto wengi wenye ualbino hawaoni ubao vizuri, na mwalimu anaweza kudhani kuwa mtoto ni mzito wa kuelewa.

MzaziKahama aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Nina maswali mawili kwa Tabibu. Je, huko kugandishwa kunamuuma mtoto mdogo? Na je, naweza kutuma picha kwa WhatsApp badala ya kusafiri kila mara?

TabibuWaNgozi alijibu:

Kunachoma kwa muda mfupi, kisha huweza kutokea lengelenge na baadaye gamba ambalo hudondoka lenyewe. Usilibandue wala kupaka dawa za kienyeji. Kwa umri wa binti yako huenda asihitaji kabisa, ikiwa atalindwa kuanzia sasa.

Picha inafaa kwa kuuliza kama ni lazima uje haraka, ila haichukui nafasi ya ukaguzi, kwa kuwa magamba yale ya mwanzo hutambulika zaidi kwa kuguswa kuliko kwa kutazamwa. Ukipiga, piga mchana kivulini, picha moja ya karibu na nyingine inayoonyesha sehemu nzima ya mwili.

Siku ya kwanza ya kliniki nenda na kadi yake ya zahanati, dawa na mafuta yote anayotumia katika vyupa vyake, pamoja na kofia anayovaa kila siku ili ukingo wake upimwe kama unafunika masikio na shingo. Zungumza pia na mwalimu mkuu kabla shule haijafunguliwa, umwombe binti akae mbele darasani, aruhusiwe mikono mirefu, na asipangiwe kazi za nje kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wakikuomba barua ya kitaalamu, daktari wa kliniki ataiandika. Iombe siku hiyohiyo ya kwanza.