Komedi za vijana wa miaka ya 20 na watoto wetu wa miaka 14, mnaamuaje? Tupeane uzoefu

Habari wakuu. Nina binti wa 14 na kaka yake wa 16, siku hizi wanachotaka ni zile komedi za vijana waliotoka kwao juzi, wamepanga chumba pamoja, hela hawana, kazini wanafukuzwa, mapenzi hayaeleweki, yani vituko mwanzo mwisho. Mi mwenyewe nacheka. Shida ni pale kati kati linatokea jambo na sebule nzima inaanza kuangalia simu. Nyie mnapimaje kabla ya kuwasha? Na msiniambie niangalie trela, trela inaokota vichekesho visafi vyote inavipanga mbele.

*Mama Wawili:* Naitangulia mwenyewe usiku, naikimbiza. Nusu saa ya mwisho siruki, maana hawa watunzi wakiishiwa utani wanakimbilia chumbani.

*Mzee wa Rimoti:* Zile herufi za Wamarekani za kupanga muvi kwa umri zinasaidia ila usizilalie. R ni kwamba wa chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mtu mzima, PG-13 ilikuja 1984 kama onyo tu kwa wazazi wenye watoto chini ya miaka 13. Wanaozipanga wanaangalia sana matusi, uchi, madawa. Sasa kuna Eighth Grade ya 2018, ni ya binti anamaliza darasa la nane, ikapigwa R, kwa hiyo wenye umri wake hawaruhusiwi kuingia wenyewe sinema kuona maisha yao. Halafu zingine zina PG-13 na utani wake wote ni kumdhalilisha msichana mnene.

*Baba K:* Umenena mkuu. Mi niliangalia moja na kijana wangu wa 15, uchi hamna, matusi ya kuhesabu, ila kuna dada kalewa chakari hajitambui, jamaa anamkokota chumbani na wenzake wanacheka, na muziki umewekwa wa kukuchekesha na wewe. Nikasimamisha, nikamuuliza hapa kinachochekesha nini? Kimya. Baadae sana, tunakula, akasema "lakini baba yule dada hata hakukubali". Toka hapo sihangaiki sana na matusi, wanayasikia kila siku, naangalia muvi inataka mtoto amcheke nani, na aliyefanya ujinga anaupata au unaishia hewani kama haujatokea.

*Dogo Sana:* Mkikataa ataiona kwenye simu ya mwenzie, mnajisumbua bure 😂

*Mama Wawili:* Aione huko, lakini ajue nyumbani tunasemaje. Na profaili yake nimeiwekea kikomo cha umri na PIN, kazi anayo.

*Shangazi Mtu:* Wapwa zangu haya mambo wananiletea mimi, kwa mama yao wanaona noma. Wa 13 na wa 17 siwapimi sawa. Huyu wa 17 mwakani yuko chuo, hizo habari za kukosa kodi na kuachwa na mpenzi zinamhusu kabisa, bora azione akiwa na mimi pembeni. Mdogo anachukua utani tu na kesho anaurudia shuleni.

Nashukuru wakuu. Baba K hilo swali lako nimelichukua, Jumamosi nalijaribu. Ila binti kashanitangulia, anasema "mama anayeona aibu ni wewe, sio sisi". Wenye mabinti mnajibuje hapo?