Mjadala: Je, Anko Itosu aliiokoa karate au aliipunguzia makali?

Mleta mada

Katika dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi ya karate, hurudiwa dai kwamba Anko Itosu wa Okinawa ndiye aliyeigeuza karate kuwa mazoezi ya viungo ya watoto wa shule, akaziondoa mbinu za hatari, na kwamba ulegevu tunaouona leo ulianza kwake. Mimi silikubali dai hili, na ninawaomba wanaoliamini walete ushahidi.

Itosu alizaliwa mwaka 1831 huko Shuri, makao ya wafalme wa Ryukyu, akawa karani katika serikali ya mfalme na mwanafunzi wa Sokon Matsumura, aliyekuwa mlinzi wa wafalme hao. Mwaka 1879 Japani iliuvunja ufalme na kuifanya Okinawa kuwa mkoa wake. Waliokuwa watumishi wa mfalme walipoteza vyeo na posho, na sanaa iliyokuwa ikifundishwa faraghani, kwa wanafunzi wachache walioteuliwa, ikabaki bila tabaka lililokuwa likiitunza. Wanaomlaumu Itosu huzungumza kana kwamba alikuwa na hiari ya kuyaacha mambo yaendelee kama zamani, ilhali hiyo zamani yenyewe ilikuwa imekwisha futwa kwa amri.

Mwaka 1901 aliingiza karate katika shule ya msingi ya Shuri, na kufikia 1905 alikuwa akifundisha katika shule ya sekondari ya mkoa na katika chuo cha ualimu. Kwa ajili ya wanafunzi hao alitunga kata tano ziitwazo Pinan (kata ni mfululizo wa mbinu uliopangwa, unaofanywa na mtu peke yake). Kisha, Oktoba 1908, aliwaandikia viongozi wa elimu barua yenye vipengele kumi, na humo alisema wazi kwamba anayefanya kata aamue mapema kama anaujenga mwili au anajifunza matumizi ya mbinu katika mapigano. Kwamba maana ya kila mbinu iulizwe na kueleweka. Na kwamba katika kushika na kujinasua yamo mengi yanayorithishwa kwa mdomo. Mtu aliyekusudia kuficha hangeiandikia serikali kwamba yapo mengine yasiyoonekana katika kata.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, sina ugomvi na tarehe zako, ila umeiruka sehemu inayokusumbua. Barua hiyohiyo inaeleza faida ya karate kwa jeshi, na inamtaja hata Wellington, jenerali wa jeshi la Uingereza aliyemshinda Napoleon. Utumishi wa lazima jeshini ulikuwa umeanza Okinawa mwaka 1898, kwa hiyo Itosu alijua vizuri alikuwa akimuuzia nani. Zaidi ya hayo, yanayorithishwa kwa mdomo hayawezi kurithishwa kwa darasa zima lililopangwa mistari, likipiga ngumi kwa amri moja. Hata kama hakuondoa pigo lolote, namna ya kufundisha ilitosha kuyaua matumizi. Tazama Choki Motobu, aliyewahi kujifunza kwake: katika kitabu chake cha 1926 alisisitiza mazoezi ya watu wawili, na mhimili wake ulikuwa kata iitwayo Naihanchi, si Pinan.

Mleta mada

Kuhusu jeshi nakubali, wala sioni aibu yake. Barua ya mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya vita vya Japani na Urusi, ilipaswa kuzungumza lugha ambayo wakubwa wa wakati huo waliisikiliza.

Kuhusu mistari ya darasani, hoja yako ni nzito, lakini inakwama kwa wanafunzi wake wa faragha. Choshin Chibana alijifunza kwake kwa miaka mingi nje ya mfumo wa shule, akaendelea kufundisha hadi alipofariki mwaka 1969, na hakuna anayesema kwamba alipewa karate ya watoto. Kenwa Mabuni naye aliondoka kwake na hazina kubwa ya kata, ambayo ikawa sehemu ya mtindo wake wa karate, Shito-ryu. Itosu, basi, alifundisha kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Iliyosafiri mbali zaidi ni ile ya shule, kwa sababu aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922, Gichin Funakoshi, alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi yake, na ilistawi katika vyuo vikuu. Pinan zikaitwa Heian, na hata leo anayeanza Shotokan, mtindo uliotokana na Funakoshi, Dar es Salaam au Mombasa kwa kawaida hukutana nazo mapema.

Mchangiaji wa pili

Kama alijua hatari ya njia hiyo ya shule, kwa nini hakuandika matumizi ya kila kata?

Mleta mada

Kwa sababu aliwategemea walimu. Barua yake inapendekeza wahitimu wa chuo cha ualimu wafunzwe kwanza kwa usahihi, kisha wapelekwe shuleni. Alifariki mwaka 1915, miaka saba baada ya kuiandika, na mpango huo haukuwa mikononi mwake tena. Anayeendelea kudai kwamba mbinu ziliondolewa aichukue Kushanku, kata ndefu ambayo Itosu aliendelea kuifundisha, ailinganishe na Pinan zote tano, kisha atuonyeshe hapa ni pigo gani lililotolewa.