Mrejesho: mahindi ya kituo cha vijana yamefika salama

Ndugu zangu, niliuliza kama inafaa kutoa mahindi yangu, yakitoka tu shambani, kwa kituo kinacholea vijana yatima hapa Iringa, nanyi mkanitahadharisha kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, ambayo haiondoki hata ugali ukiiva vizuri. Niliwasikiliza. Niliyaanika juu ya turubai hadi kipimo cha bwana shamba kikaonyesha unyevu chini ya asilimia 13.5, kisha mimi na mke wangu tukachambua punje zilizooza kwa mkono, kazi iliyotuchukua siku mbili nzima. Jumamosi tulikabidhi magunia manne pamoja na madebe mawili ya maharage. Mlezi wao ameomba robo ekari ili mwakani vijana walime wenyewe. Nimekubali kwa moyo wote, na mbegu nitatoa mimi. Asanteni sana.