Tuta la bwawa linatoa maji kwa chini: kuziba, kutandika udongo wa mfinyanzi ndani, au kuweka chujio nje?

Mwenye_Bwawa:
Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kupima jambo hili. Nina bwawa dogo la tuta la udongo, lenye kimo cha mita 6 hivi, ambalo nimelirithi bila mchoro wala kumbukumbu yoyote ya ujenzi. Tangu mvua zilizopita, upande wa nje chini ya tuta, hatua chache kutoka kwenye bomba la kutolea maji, palianza kuwa na unyevu ambao sasa umekuwa mchirizi, na nyasi za hapo zimestawi kuliko za pembeni. Nimeshauriwa mambo matatu: kuziba kwa udongo wa mfinyanzi pale maji yanapotokea, kukausha bwawa na kutandika mfinyanzi upande wa ndani, au kuweka chujio la mchanga na kokoto upande wa nje, lipitishe maji na kuzuia udongo. Bondeni kuna nyumba mbili zenye watu, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Fundi_Matuta:
Ushauri wa kwanza uache kabisa. Maji ukiyazibia mlango hayakomi, bali shinikizo hupanda ndani ya tuta hadi yapate pengine pa kutokea, mara nyingi mahali usipopaona. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo peke yake si ugonjwa. La kuuliza ni kama maji hayo yanabeba udongo. Kinga mchirizi kwa chupa safi isiyo na rangi, iache itulie hadi kesho, kisha utazame kitako chake. Pima pia wingi kwa ndoo ya lita 10 na saa, ukiandika kina cha bwawa cha siku hiyo, kwa sababu mchirizi unaoongezeka ilhali kina hakijapanda ni dalili mbaya hata kama maji ni maangavu.

Mwenye_Bwawa:
Nimefanya hivyo. Ndoo ilijaa kwa sekunde 50. Leo asubuhi chupa ina utando mwembamba wa kijivu chini, laini kama unga, na nikiitikisa maji yote yanakuwa na ukungu.

Mama_Shamba:
Pole sana, ndugu yangu. Sisi tulichagua kutandika mfinyanzi ndani, na ni kweli uvujaji ulipungua, lakini njia ile ina masharti mawili ambayo hakuna aliyetueleza mapema. La kwanza, bwawa lazima lipunguzwe polepole: sisi tulilifungulia likaisha kwa siku 2, na kipande kikubwa cha upande wa ndani kikaporomoka, kwa kuwa maji yaliyokuwa yamenywewa na udongo wa tuta hayakupata muda wa kutoka. La pili, mfinyanzi ukiachwa juani hupasuka, na nyufa zile zikirudiwa na maji kazi yote inakuwa bure.

Mhandisi_Mstaafu:
Utando huo unabadilisha mpangilio wa kazi. Udongo ukishaanza kutoka, tuta linaliwa kwa ndani, na tundu hurefuka kuelekea kwenye maji hadi lifike. Bwawa la Teton nchini Marekani, lenye kimo cha zaidi ya mita 90, lilionekana likitoa maji ya tope asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka. Wala udogo si kinga: tuta la Kelly Barnes katika jimbo la Georgia hukohuko Marekani, la mita 12 hivi tu, lilipasuka usiku tarehe 6 Novemba 1977 na watu 39 wakafa.

Kwa hiyo ninatofautiana kidogo na wanaotaka kuchagua kati ya mfinyanzi na chujio leo. Punguza kina kwanza, kidogo kidogo kila siku, huku ukikagua upande wa ndani kama una nyufa. Wakati huohuo weka chujio la dharura juu ya mchirizi: mchanga safi uguse udongo, kokoto zifuate, mawe yawe juu kabisa. Ukianza na mawe, udongo utapita katikati yake kama hakuna kitu. Kisha ukaguzi wa bomba, kwa sababu kushindilia udongo kandokando ya bomba ni kazi ngumu, na maji hupenda kufuata njia hiyo. Bomba la chuma likiwa limetoboka kwa kutu, hata mfinyanzi wa ndani hautakusaidia.

Fundi_Matuta:
Nakubali kina kishuke kwanza. Ila usipunguze kwa bomba hilohilo unalolishuku. Tumia mpira wa kunyonya maji kwa kupitia juu ya tuta, na mdomo wake wa nje uufikishe mbali na kitako cha tuta.

Kijana_Maji:
Na utoro wa maji, yaani njia ya maji ya ziada pembeni ya tuta, uko wazi? Mafuriko yakipanda juu ya mgongo wa tuta yanaweza kulikata kwa saa chache.

Mwenye_Bwawa:
Kuna wavu uliowekwa hapo kuzuia samaki wasitoroke, na umejaa majani. Pia kuna mti mkubwa juu ya tuta.

Kijana_Maji:
Wavu uondoe leo. Mti usiung'oe, maana shimo la mizizi litakuwa jeraha jipya. Aamue atakayekuja kukagua.

Mwenye_Bwawa:
Wavu nimeutoa. Mchanga na kokoto vimewekwa, na maji yanapita humo. Kina kinashuka sentimita 15 kwa siku. Nyumba zote mbili nimewaendea mwenyewe, wamekubali kulala kwa jamaa zao upande wa juu hadi mhandisi wa mabwawa afike, na mamlaka ya maji nimeiarifu. Chupa ya leo nimeiweka kando ya ile ya kwanza. Kesho nitawaletea jibu.